Usalama wa Umeme: Hatua Bila Sababu Ni Hatari

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huzifundisha kwa moyo mkunjufu wakati wa mazoezi ya kufundisha ni mada ya umeme. Betri, nyaya na balbu ya tochi hupatikana kwa urahisi, na balbu inapowaka darasa zima hufurahi. Lakini somo likifika kwenye usalama, furaha hiyo hukoma. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya makatazo: usiguse waya uliochunika, usishike swichi kwa mikono yenye maji, usiingize kitu katika soketi. Wanafunzi hunakili, hukariri, kisha huijibu orodha hiyo katika mtihani. Kipindi kinakwisha, na mwalimu anaandika katika andalio lake kwamba lengo limefikiwa.

Mimi naona lengo halijafikiwa. Kila hatua ya usalama iliwekwa ili kuziba kosa fulani ambalo binadamu hulifanya. Mwanafunzi anayeijua hatua bila kulijua kosa hilo ataiacha siku atakapokuwa na haraka, kwa kuwa haoni anapoteza nini kwa kuiacha. Kwa hiyo mwalimu aliyetaja hatua bila kueleza kosa bado hajafundisha usalama. Nitaeleza hoja hii kwa mfano mmoja, nao ni ukaguzi na matunzo ya kikata umeme cha mitambo, kile ambacho mafundi wetu hukiita breka. Nimeuchagua kwa sababu hatua zake ni nyingi, sababu zake ziko wazi, na kosa lake huwa halisameheki.

Kiwanda kilicho jirani na shule

Huenda mwanachuo akauliza: mwalimu wa shule ya msingi ana shughuli gani na breka za viwandani? Na atazame nje ya dirisha la darasa. Katika vijiji vingi vilivyopata umeme, kitu cha kwanza kufungwa baada ya taa ni mashine ya kusaga nafaka, na baada yake hufuata karakana ya seremala, mchomeleaji vyuma na pampu ya maji. Mitambo hiyo hutumia umeme wa fezi tatu, wenye volti 400 kati ya fezi na fezi. Mota ya mashine ya kusaga yenye nguvu ya kilowati 15 huvuta ampea 28 hivi ikiwa na mzigo wake wote, na katika sekunde chache za kuanza kuzunguka huweza kuvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho. Hicho ni kiwanda, hata kama kimeezekwa bati moja na ukuta wake ni wa matofali ya kuchoma.

Nani hupeleka mahindi mashineni? Mara nyingi ni mtoto wa darasa la tano au la sita. Husimama akisubiri zamu yake hatua chache kutoka kwenye sanduku la swichi, na huona kila kifanywacho pale. Humwona mwendesha mashine akipandisha breka iliyojikata, ikajikata tena, naye akaipandisha tena. Mtoto huyo amekwisha kupata somo la umeme kabla ya sisi kumfundisha, na huenda somo hilo likawa la hatari. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule isitengwe na maisha ya jamii inayoizunguka. Ikiwa jamii hiyo leo husaga kwa mota, basi mota na breka yake ni sehemu ya mazingira ya mtoto kama yalivyo shamba na kisima.

Breka hufanya nini

Hatuwezi kueleza sababu za hatua bila kukijua chombo chenyewe. Ndani ya breka mna vyuma viwili vinavyogusana ili mkondo upite, na springi iliyokazwa tayari kuvitenganisha. Zipo njia mbili za kuifyatua springi hiyo. Ya kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizounganishwa, ambao hupata joto mkondo unapozidi kiasi na kupinda polepole mpaka ukafyatua. Njia hii hustahimili mkondo mkubwa wa mota inayoanza, kwa sababu ukanda hauwahi kupinda kabla mkondo haujashuka. Ya pili ni koili ambayo, panapotokea shoti, hugeuka sumaku yenye nguvu na kufyatua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Breka ndogo inayounganisha njia hizo mbili ina asili yake katika mji wa Mannheim, Ujerumani, ambako kampuni ya Hugo Stotz ilipata hataza yake mwaka 1924.

Vyuma viwili vinapoachana huku mkondo mkubwa ungali unapita, umeme hauachi njia mara moja. Huruka katika hewa iliyo kati yao na kufanya cheche nzito, mfano wa radi ndogo, yenye joto la maelfu ya nyuzi za Selsiasi. Kwa sababu hiyo breka ina chumba chenye vibamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, ambavyo huikatakata cheche hiyo na kuipoza mpaka izimike. Kila mara breka inapokata shoti kubwa, vyuma vyake huungua kidogo na vibamba vyake huchafuka. Kwa hiyo breka ni chombo kinachochakaa kwa kufanya kazi yake, na ni lazima kikaguliwe.

Breka humlinda nani

Wengi huamini kwamba breka imewekwa ili kumlinda mtu asipigwe na umeme. Imani hiyo imeenea hata miongoni mwa walimu, na mwanachuo anaweza kuiondoa kwa hesabu fupi ya ubaoni. Ukinzani wa mwili hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hupungua ngozi inapolowa. Tuchukue omu 1,000 kwa ajili ya hesabu yetu. Mtu akishika waya wenye volti 230 huku amesimama ardhini, mkondo utakaompitia ni 230 kugawanya kwa 1,000, yaani ampea 0.23. Mkondo wa ampea 0.03 tu huweza kuhatarisha moyo ukiendelea kupita. Lakini breka ya ampea 16 inauonaje mkondo huo wa 0.23? Huuona kama balbu ya wati 50 hivi iliyowashwa. Haitajikata. Mtu atakufa, na breka itabaki imesimama imara kwa kuwa, kwa kipimo chake, hakuna lililoharibika.

Breka ya kawaida hulinda waya usiungue na nyumba isiwake moto. Kumlinda mtu ni kazi ya waya wa ardhi uliofungwa vizuri, pamoja na kifaa maalumu cha kugundua mkondo unaovuja, ambacho kwa kawaida hukata unapofika miliampea 30. Wanafunzi wakiipata hesabu hii, hawatahitaji kukaririshwa kwamba mashine iliyo na breka nayo yaweza kuua. Wataona pia kwa nini ni hatari kuitoa breka ya ampea 20 inayojikata na kuweka ya 63 mahali pake ili isisumbue. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao ndio uliokuwa ukilindwa, sasa hauna mlinzi, na utaungua kabla ya breka kushtuka.

Ukaguzi na matunzo

Watu hudhani kwamba breka isiyosumbua ni breka nzima. Breka iliyokaa miaka mingi bila kuguswa huweza kukamata: grisi hukauka, vumbi la unga huingia katika maungio yake, na siku ya shoti springi hushindwa kuvuta. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa breka za mitambo huagiza zizimwe na kuwashwa kwa vipindi maalumu, mashine ikiwa haina mzigo, ili viungo vyake vibaki vyepesi.

Fundi mkaguzi hutafuta dalili kadhaa. Plastiki iliyogeuka rangi au kunuka kuungua humwambia kwamba skrubu ya waya imelegea, kwa maana mguso uliolegea huongeza ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Kutu na unyevu humwonya kwamba vihami vimedhoofika, naye huvipima kwa mega, sakiti ikiwa imekatwa umeme. Hulinganisha namba ya ampea iliyoandikwa kwenye breka na unene wa waya. Aidha hutazama namba ya pili, ile ya mkondo mkubwa kabisa wa shoti ambao breka yaweza kuukata bila kupasuka. Breka ya mashine iliyo karibu na transfoma huhitaji namba hiyo iwe kubwa, kwa kuwa shoti ya hapo hupewa mkondo mwingi zaidi.

Breka inapojikata, imetoa taarifa, na taarifa hiyo hutafutiwa chanzo kabla ya kupandishwa tena. Kila anayeipandisha bila kutafuta chanzo huilazimisha kukata shoti ile ile upya kwa vyuma vilivyokwisha kuungua, na huenda mara ya tatu au ya nne vyuma hivyo vikayeyuka na kushikamana. Nchini Marekani kanuni za usalama kazini hukataza waziwazi kurudisha umeme kwa mkono mara kwa mara kabla haijathibitika kwamba ni salama. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humbebesha mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wanaofanya kazi kwake, na kazi ya ufungaji umeme ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Mwalimu hafungui sanduku la swichi, wala hamruhusu mwanafunzi kulifungua.

Hatua na makosa zinayoyaziba

Fundi hafanyi kazi ndani ya sanduku kabla hajaukata umeme na kuthibitisha kwamba umekatika. Hizi ndizo hatua, na pamoja na kila moja nimetaja kosa lake.

(a) Kuitambua sakiti na kuwaarifu watu wote. Kosa linalozibwa: kuzima breka ya jirani kwa kudhani ndiyo yenyewe, hasa pale ambapo maandishi ya sanduku yamefutika au hayakuwapo tangu mwanzo.

(b) Kusimamisha mashine kwanza, ndipo kuzima breka. Kosa linalozibwa: kukata mkondo mkubwa bila sababu na kuzichakaza nyuso za vyuma.

(c) Kutafuta kama ipo njia ya pili ya umeme. Kosa linalozibwa: kusahau jenereta, betri au paneli za jua ambazo huweza kuleta umeme kutoka upande wa pili, breka ya TANESCO ikiwa imezimwa.

(d) Kufunga breka kwa kufuli, kutundika kibao chenye jina la fundi, na ufunguo kukaa mfukoni mwake mwenyewe. Kosa linalozibwa: mtu mwema asiyejua habari, ambaye hufika, hukuta mashine imezimwa na foleni ya wateja ni ndefu, akaiwasha. Mafundi wakiwa watatu, kufuli huwa tatu, kwa kuwa aliyemaliza mapema hajui kama mwenzake bado ameingiza mkono.

(e) Kupima kama umeme haupo, na kuijaribu testa kabla na baada ya kupima. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nami nitaieleza peke yake.

Mkono wa breka kushuka si uthibitisho. Tumeona kwamba vyuma vya ndani vyaweza kuyeyuka na kushikamana, na mkono ukaonekana uko chini huku fezi moja ingali inapita. Kwa hiyo fundi hupima nyaya zote: fezi na fezi, fezi na nyutro, fezi na ardhi. Lakini testa isipoonyesha kitu, ina maana gani? Yawezekana umeme haupo. Yawezekana pia betri ya testa imekwisha, au waya wake umekatika ndani ya mpira. Kipimo kizima penye waya usio na umeme hukaa kimya, na kipimo kibovu penye waya wenye umeme hukaa kimya vilevile. Ndiyo maana fundi hodari huijaribu testa yake mahali anapojua kwa hakika kwamba pana umeme, kisha hupima sakiti anayotaka kuifanyia kazi, kisha hurudi pale pa kwanza kuhakikisha kwamba testa haikuharibika katikati ya kupima.

Somo la kipimo bubu

Sababu hii mtoto wa darasa la sita aweza kuigundua mwenyewe, bila kukaribia umeme wa TANESCO. Zana zake ni maboksi mawili ya viatu, betri nne kavu, balbu ya tochi katika kishikio chake, nyaya na misumari minne midogo. Katika boksi A funga betri mbili na uziunganishe na misumari miwili inayochomoza nje. Boksi B liwe na misumari tu, bila betri. Betri mbili zilizobaki ziunganishe na kuziweka mezani zionekane na wote, na mbele ya darasa uonyeshe kwamba zinawasha balbu. Halafu, bila wanafunzi kuona, ilegeze balbu kidogo katika kishikio chake.

Sasa waite wanafunzi wapime boksi A, kisha B. Balbu haiwaki popote. Waulize: ni boksi lipi lisilo na umeme? Wengi watajibu kwamba yote mawili. Andika jibu lao ubaoni, wala usilisahihishe. Mwite mwanafunzi mmoja apime betri zilizo mezani, zile ambazo darasa zima liliziona zikiwasha. Balbu haiwaki. Hapo nyamaza, uwaache wafikiri. Atatokea mmoja atakayesema kwamba balbu yenyewe ndiyo yenye hitilafu. Ikazwe, ijaribiwe mezani, na maboksi yapimwe upya. Kisha waambie kwamba kama boksi A lingekuwa sanduku la mashine ya kusaga, fundi aliyeliamini jibu lile la kwanza angekwisha kuingiza mkono.

Katika mzunguko wa pili legeza balbu baada ya kujaribiwa mezani na kabla ya kupima maboksi. Wanafunzi watagundua kwa nini kipimo hujaribiwa na mara ya mwisho. Kanuni ya hatua tatu wataitunga wao, kwa maneno yao, na sina shaka kwamba kanuni waliyoitunga wenyewe itadumu kuliko ile waliyoinakili.

Hatua ya kufuli nayo hufundishika kwa igizo. Mmoja awe fundi, mwingine mwendesha mashine, wengine wateja wenye debe na haraka zao. Igizeni kwanza bila kufuli, kisha kwa kufuli. Watoto wenyewe watasema ni nani angeumia na kwa kosa gani.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mtoto habari hizi ni kumchokoza aende kuzijaribu. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Lakini mtoto hachokozwi na sababu, huchokozwa na fumbo. Katazo lisilo na maelezo humvuta kujaribu, na hesabu ya ampea 0.23 humrudisha nyuma. Hata hivyo mwalimu aweke mpaka bayana: darasani hutumika betri kavu peke yake, na breka inayoonyeshwa iwe mbovu, iliyokwisha kutolewa ukutani na kuombwa kwa fundi.

Wengine watasema muda hautoshi, muhtasari ni mrefu na mtihani unasubiri. Hapa lawama ituangukie pia sisi wakufunzi na watungaji wa mitihani. Swali lisemalo “Taja hatua tano za kukata umeme kwa usalama” humpa alama aliyekariri. Swali hili je? “Fundi alizima breka, akapima kwa testa, testa haikuonyesha kitu, akaanza kazi. Amesahau hatua zipi, na kila moja ingemkinga na nini?” Swali hilo halijibiwi na orodha. Mwanachuo akijizoeza kutunga maswali ya namna hii katika majaribio yake ya kila juma, kufundisha sababu hakutakuwa kazi ya ziada, kwa kuwa mtihani wake mwenyewe utakuwa unazidai.

Mwito kwa wanachuo

Miongoni mwa wanafunzi mtakaowafundisha wamo mafundi wa kesho. Wengine watakwenda vyuo vya VETA, wengine watajifunzia gereji na karakana chini ya mafundi wasiokuwa na kufuli wala mega, ambao huenda watawacheka wanapotaka kuijaribu testa mara mbili. Siku hiyo orodha haitawasaidia, kwa maana orodha hushindwa na mzaha wa mkubwa wa kazi. Anayejua kwamba kipimo kibovu nacho hukaa kimya ataijaribu testa yake hata akichekwa.

Basi kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha usalama na achore safu mbili katika andalio lake la somo. Katika safu ya kwanza aandike hatua, na katika ya pili aandike kosa linalozibwa na hatua hiyo. Akikuta mahali ambapo safu ya pili iko tupu, asiingie darasani kabla hajaijaza.